Funguo Kumi na Nne

Fundi cherehani wa mlango wa pili anaapa kwamba Mwalimu Mkuu amekula madarasa sita.

Hakusema ameiba, wala hakusema ameuza. Alisema amekula, na akapitisha kidole shingoni kuapa, huku pini tatu zikiwa zimebanwa kati ya midomo yake, jambo ambalo halikumzuia kusema hata kidogo. Kwa maelezo yake, alikwenda ofisi ya elimu kupeleka mapazia aliyokuwa ameagizwa kushona, na pale ukutani, kando ya dirisha la karani, akakuta karatasi ndefu imebandikwa, gundi yake bado mbichi. Ilikuwa orodha ya shule zitakazojengewa vyumba mwaka ujao na zile zisizojengewa. Akaitafuta shule ya mtaani kwao, akaikuta. Vyumba vya madarasa: kumi na vinne. Vyumba vya kuongezwa: hakuna. Na pembeni pameandikwa maneno matatu: shule ina nafasi.

"Kumi na vinne, Mama Chiriku! Nimesoma kwa macho yangu haya mawili. Nikamwita na mlinzi wa pale asome, akasoma vilevile. Sasa mimi nakuuliza wewe unayefagia kule kila siku ya Mungu, shule yetu ina vyumba vingapi?"

"Vinane," akasema Mama Chiriku.

"Vinane! Toa vinane kwenye kumi na vinne. Sita viko wapi? Vimo humu." Akajipiga tumboni. "Vimo tumboni kwa Mwalimu Mkuu. Matofali, mabati, madirisha na mbao zake. Mnashangaa magoti yanamuuma? Mzigo wote huo unabebwa na miguu miwili."

Mama Chiriku hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango na sinia la mchele mapajani, anachambua mawe, miguu yake imenyooka mbele kama miguu ya mtu mwingine aliyeisahau pale. Tangu alfajiri alikuwa amefagia vyumba vinane mara mbili, mara moja kabla ya zamu ya asubuhi na mara moja kabla ya zamu ya mchana. Alimjua jirani yake kwa kupiga chuku. Mwezi uliopita paka wa fundi viatu alipotea asubuhi, na ilipofika jioni paka yule alikuwa ameshaliwa na chui. Kwa hiyo habari ya kula madarasa ilipita masikioni mwake ikatokea upande wa pili. Kilichomkaa ni ile namba. Kumi na vinne. Fundi angeweza kusema ishirini, angeweza kusema mia. Kumi na vinne ilikuwa namba ya mtu aliyehesabu kitu.

"Mama, chui wa juzi amekula na madarasa?" akauliza Chiriku.

Huyo ndiye binti yake, mwenye miaka sita, aliyepewa jina la ndege huyo kwa sababu mdomo wake ulianza kazi kabla jua halijachomoza na haukujua kupumzika. Alikuwa amesimama juu ya kigoda, mikono ameinua, sare ya shule imemning'inia mwilini kama shuka kwenye kamba.

"Simama wima wewe, nisije nikakushona na nyama," fundi akasema, na sasa zile pini zikaanza kutoka mdomoni moja moja. "Mama Chiriku, pindo niache refu au nikate? Nikiacha refu ataivaa mpaka la tatu."

"Acha kwanza."

"Niache refu?"

"Acha tu kwanza. Usikate chochote."

Fundi akamtazama, akaacha. Alielewa, maana mtaa mzima ulielewa. Mwaka huu wanaomaliza shule ni tisini, na Mwalimu Mkuu alikuwa amewaambia wazazi bila kuzunguka: wakitoka tisini, wanaingia tisini. Vikijengwa vile vyumba viwili alivyoomba, ataingiza wote walioandikishwa. Visipojengwa, wa kuanzia namba tisini na moja waende shule ya ng'ambo ya barabara kuu, barabara ya malori, ambayo hata mtu mzima huivuka roho ikiwa mdomoni. Chiriku alikuwa namba mia moja na nne. Siku ya kuandikisha, mama yake alikuwa akipanga viti vya wazazi wengine, akifuta matope waliyoingia nayo, akimwonyesha huyu choo na kumtafutia yule kalamu. Alipopata nafasi ya kusimama kwenye mstari kama mzazi, mstari ulikuwa umefika getini.

Jioni hiyo wali uliliwa na mawe yake. Chiriku alitema la kwanza, akatema la pili, la tatu akaliweka pembeni mwa sahani na kutangaza kwamba anajenga darasa.

*

Kesho yake Jumatano, Mama Chiriku aliingia shuleni wakati umande ungali kwenye majani, akachukua fagio na ndoo.

Hesabu za darasani zilimwacha njiani siku nyingi. Alimaliza shule ya msingi, akaishia hapo. Lakini alikuwa na hesabu zake mwenyewe, na zile hazikumdanganya. Alihesabu kwa mchanga. Chumba chenye watoto arobaini hutoa mchanga wa koleo moja la taka. Alipoanza kazi, miaka minne iliyopita, chumba cha kwanza kilitoa makoleo mawili na hapo alidhani watoto wale wanachezea mchanga makusudi. Sasa kinatoa ndoo nzima, na ndoo ile huibeba kwa mikono miwili. Alijua watoto wanakaa madirishani kwa sababu saruji ya madirisha ilikuwa inang'aa kama meza iliyopigwa msasa. Alijua wa mbele wanakaa chini ya ubao kabisa kwa sababu sakafu pale haikuwa na vumbi la chaki. Vumbi lote lilikwenda nyumbani kwenye nywele zao. Na mwalimu wa darasa la kwanza, dada mwembamba asiyejua kukasirika, alikuwa na mahali pamoja tu pa kusimama, karibu na mlango, na sakafu ya pale ilikuwa imechimbika alama mbili za visigino.

Alipomaliza cha nane akaenda ofisini, akafunga mlango nyuma yake, akageuka.

Ubao wa funguo ulikuwa hapo, nyuma ya mlango. Ulikuwa kazi ya mikono yake. Kabla yake, funguo za shule zilikaa kwenye kopo la rangi, rundo zima, nyingine za makufuli yaliyokufa zamani, na kila asubuhi mwalimu wa zamu alizimwaga chini akaanza kujaribu mmoja mmoja huku watoto wamejazana mlangoni wanamsaidia kwa kelele. Mama Chiriku alitumia Jumamosi mbili kuzichambua. Akaomba ubao kwa seremala, akapigilia misumari, akakata vibao kwenye kifuniko cha ndoo ya plastiki, na kwa msumari wa moto akaandika namba. Moja mpaka nane, madarasa. Halafu, kwa kuwa mikono ilikuwa imeshazoea na vibao vilikuwa vimebaki, akaendelea. Tisa, kumi, kumi na moja. Kila kitu chenye kufuli pale shuleni kikapata namba yake na msumari wake. Tangu siku hiyo walimu walimwita Mama Funguo.

Sasa akasimama mbele ya ubao ule, na siku ya mvua ikamrudia yote, kama mtu anavyokumbuka alikoacha kitu akishakuta kimeharibika.

Ilikuwa miezi minne iliyopita. Afisa Mipango wa ofisi ya elimu alifika akiwa ameloa chapachapa, faili lake amelificha ndani ya shati. Mwalimu Mkuu alikuwa mkutanoni. Msaidizi wake alikuwa anafundisha madarasa mawili kwa pamoja, amesimama katikati ya mlango unaounganisha vyumba, kichwa kinakwenda huku na huku. Hapakuwa na wa kumpokea mgeni ila mwenye fagio. Alimpa kiti, akampa kitambaa cha kujifutia uso. Mgeni akajifuta, na macho yake yakaangukia ubaoni.

"Hii kazi ya nani?"

"Yangu, bwana."

"Ah! Hivi vyote ni vyumba?"

"Ndiyo, bwana. Kila kimoja na kufuli lake."

"Na vyote vinafunguka? Vinatumika?"

"Vyote. Hakuna hata kimoja kinachokaa bure."

Akahesabu kwa ncha ya kalamu, hewani, bila kuinuka. Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka watu wakisemezana wanapigiana kelele. Akaandika, akafunga faili, akamtazama kama mtu anayetazama chakula baada ya safari. "Laiti kila shule ingekuwa na mtu kama wewe," alisema, "kazi yangu ingekuwa ya kulala."

Na yeye aliyabeba maneno yale mpaka nyumbani kama zawadi. Alimsimulia fundi cherehani. Alimsimulia Chiriku, mara mbili, na mara ya pili Chiriku ndiye aliyeomba.

Akanyoosha kidole akahesabu misumari. Ilikuwa kumi na minne.

*

Mwalimu Mkuu aliingia kwa hatua zake za kuchechemea, akakaa kwa awamu mbili, kwanza mikono mezani, halafu mwili. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, na alikuwa ameanza kuzungumza kama mtu anayefungasha.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Mama Funguo. Mbona unautazama ubao kama umekukosea?"

Akamweleza. Hakuruka kitu: karatasi ya ukutani, mvua, kiti, kitambaa, ncha ya kalamu hewani. Alipofika kwenye "hakuna hata kimoja kinachokaa bure" akayamalizia akiwa ameugeukia ubao.

Mwalimu Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na Mama Chiriku akadhani analia, akatafuta kitambaa kile kile cha mgeni. Kumbe anacheka. Kilikuwa kicheko kisicho na sauti, cha mtu aliyechoka hata kucheka, na kilimfanya avue miwani.

"Barua tatu," akasema hatimaye. "Nimeandika barua tatu. Kila mara jibu ni moja: takwimu tulizo nazo zinaonyesha shule yako ina nafasi. Nikadhani wanasoma takwimu za shule nyingine. Halafu nikadhani ni mimi, uzee umeniingia. Siku moja nilitoka nje nikavihesabu vyumba, mlango kwa mlango, navigusa kwa mkono. Mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu."

"Nisamehe, mwalimu."

"Nikusamehe nini? Wewe ulipanga funguo, ukapanga vizuri. Mtu amekuja kuhesabu madarasa akahesabu misumari. Hilo si lako."

"Na mtaani wanasema…"

"Sema tu. Nimeshasemwa mengi."

"Wanasema umeyakula. Hayo madarasa sita."

Mwalimu Mkuu akatazama chini, mikono yake imekonda ndani ya mikono ya shati. "Na nimebaki na mwili huu? Basi hayakuwa na rutuba."

Nje kengele ilipigwa, na shule ikaingia madarasani kwa kishindo kile cha kila siku, kishindo ambacho ukiwa ofisini unakisikia miguuni kabla hujakisikia masikioni. Wakasubiri kipite.

"Wanafunga orodha Ijumaa," akasema. "Mimi nikiandika ya nne wataiweka juu ya zile tatu, ziwe nne. Nenda wewe."

"Mimi? Mwalimu, mimi elimu yangu ni ya msingi tu. Nitasema nini mbele ya watu wa ofisi?"

"Nilipowapelekea barua hawakunisikia, na mimi nina vyeti. Wewe ulisema sentensi mbili tu wakaziandika. Wewe ndiye wanayekuamini." Akanyoosha kidole ubaoni. "Wala usiseme sana. Chukua funguo uende nazo."

Mama Chiriku akaanza kuzitoa misumarini, zile sita za mwisho, akazifunga kwenye ncha ya khanga yake. Alipofika mlangoni Mwalimu Mkuu akamwita.

"Najua wa kwako ni mia moja na nne."

"Ndiyo, mwalimu."

"Nikimpitisha yeye kimyakimya, mia moja na tatu ni mjukuu wa mlinzi. Na mia moja na mbili ni yatima. Nitaanzia wapi, nitaishia wapi?"

"Sikukuomba hilo, mwalimu."

"Najua hukuomba. Ndiyo maana nimelisema mwenyewe, lisikae katikati yetu."

*

Ofisi ya elimu ilikuwa na benchi moja refu, na benchi lilikuwa limeinama katikati kwa uzito wa wanaongoja. Kabla ya kukaa aliiendea karatasi ya ukutani. Aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, hakutaka jicho liruke. Fundi cherehani, kwa mara moja maishani mwake, hakuwa ameongeza chumvi. Maneno yalikuwa matatu kweli.

"Nikusaidie nini?" akauliza karani kutoka dirishani, bila kuinua uso.

"Namtaka Afisa Mipango."

"Kuhusu?"

"Funguo."

"Fundi wa makufuli anaingilia mlango wa nyuma."

"Si makufuli ya hapa, dada. Ni ya shuleni."

Karani akainua uso sasa, akautazama ule mkunjo wa khanga uliokuwa ukilia kila akijigusa, akampa kikaratasi chenye namba. Alikaa. Walioitwa waliitwa. Aliangalia sakafu, akaona kwamba mtu anayefagia pale huishia katikati, pembeni hafiki. Hakumlaumu. Kazi ile humkuta kila mtu siku moja ameishia katikati. Saa zikaenda. Mgongo ulipoanza kumuuma kwa kukaa, jambo ambalo hakulizoea, namba yake ikaitwa.

Chumba cha Afisa Mipango kilijengwa kwa mtu mmoja na kiliwekwa watu watatu. Meza tatu zilikuwa zimebanana, na ili afisa huyu atoke kwenye kiti chake ilibidi mwenzake asimame, asogee ukutani, akumbatie faili lake kifuani. Ndivyo alivyofanya sasa, kwa mazoea, kwa sababu Afisa Mipango alikuwa ameinuka kwa furaha.

"Mama wa ubao wa funguo! Karibu, karibu sana. Huyu ndiye niliyekuwa nakwambia habari zake," akamgeukia aliyesimama. "Nimekusifu mpaka nimechoka. Nimewaambia walimu wakuu wote waige, ubao na namba, ubao na namba. Kuna shule kumi na tisa hivi zimeshaiga. Nikifika, dakika tano, nimemaliza."

Mama Chiriku alikuwa ameandaa maneno benchini. Aliyatafuta, akakuta yametoka.

"Kumi na tisa?" akauliza.

"Kumi na tisa. Kati ya sitini na moja. Si haba."

Alipoona hapati pa kuanzia, akafungua ncha ya khanga na kuziweka funguo mezani, juu ya karatasi zake, zikapangana zenyewe kama zilivyozoea ubaoni. Akaweka kidole kwenye wa kwanza.

"Hii ni tisa. Ni choo cha walimu."

Afisa akatabasamu, kama mtu anayesubiri mwisho wa kichekesho.

"Hii kumi ni stoo ya majembe na mafagio. Mimi mwenyewe nikiingia humo naingia kwa ubavu. Kumi na moja ni jiko. Kumi na mbili ni kijumba cha bomba la maji, mlango wake unaishia hapa." Akagusa goti. "Kumi na tatu ni kibanda cha mlinzi."

Tabasamu lilikuwa limebaki usoni lakini mwenyewe hakuwemo tena. "Na kumi na nne?"

"Kabati, bwana."

"Kabati gani?"

"Kabati la vitabu. Liko ofisini, nyuma ya kiti ulichokalia."

Yule mwenzake aliyesimama ukutani alitoa kicheko kikamponyoka, akajidai anakohoa. Afisa Mipango hakucheka. Alivuta faili, akafunua, akafunua tena, akafika. Kidole chake kilitembea juu ya tarakimu, na midomo ikahesabu bila sauti.

"Vyumba kumi na vinne," akasema polepole. "Kila chumba watoto arobaini na tano. Zamu mbili. Elfu moja mia mbili sitini. Mnao elfu moja mia moja na thelathini. Nafasi mia moja na thelathini." Akainua macho. "Nimeliandikia kabati watoto arobaini na tano."

"Asubuhi," akasema mwenzake kutoka ukutani. "Na mchana arobaini na tano wengine."

"Wewe nyamaza."

Akavua saa mkononi, akaiweka mezani, akajisugua kifundo cha mkono. Alionekana mdogo kuliko siku ya mvua. "Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza kama ni vyumba. Nikasema ndiyo. Hukuniuliza kama ni madarasa." Kisha, kwa sababu aliona maneno hayo yamemchoma na hakuwa amekuja kuchoma mtu, akaongeza, "Na ulinisifu, bwana. Nilikuwa sijasifiwa siku nyingi. Sikufikiri zaidi ya hapo."

Afisa alitikisa kichwa. Alianza kusema, si kwake hasa, bali kwa zile karatasi. Kwamba shule ni sitini na moja na miguu yake ni miwili. Kwamba gari la ofisi limekaa juu ya matofali tangu mwaka jana. Kwamba orodha imeshakwenda juu, na kuirudisha kuna fomu, na kwenye fomu kuna mstari unaosema sababu ya marekebisho. "Niandike nini hapo? Kwamba nilikaa kitini nikahesabu misumari? Na nikishaandika hivyo kwa shule moja, wataniuliza zile kumi na tisa nilizihesabuje."

Mwenzake alikuwa sasa anatazama dari.

Mama Chiriku alizitazama zile karatasi. Kulikuwa na mchoro mmoja, mstari unaopanda kutoka pembe ya chini kwenda ya juu, na chini yake miaka imeandikwa, mwaka huu, mwaka ujao, na ule mwingine. Hakuhitaji kuambiwa ni mstari wa nini. Ulikuwa ule mchanga wake, kutoka koleo mpaka ndoo.

"Bwana," akasema, "mimi sijui mambo ya fomu. Najua chumba cha kwanza, maana nakifagia. Mwalimu wake ana pa kuweka visigino viwili tu. Watoto wanakaa madirishani, na wa mbele hawaoni ubao kwa sababu uko juu ya vichwa vyao. Nina binti yangu, ni namba mia moja na nne. Kwenye karatasi yako ana nafasi. Nimeitafuta hiyo nafasi kwa ufagio, kila kona, siioni. Wasipojenga, ataanza kuvuka barabara ya malori, na yule mtoto anaongea mpaka anasahau kutazama."

Afisa akafumba macho, akayafumbua.

"Kwa hiyo unataka nifanye nini, mama?"

"Njoo uhesabu."

Akasema na kusimama wima zaidi, maana kumbe ndilo neno alilokuwa ameliandaa benchini, na lilikuwa hilo hilo moja.

"Njoo kesho, kabla ya Ijumaa. Kwa miguu ni nusu saa, nimekuja hivyo. Njoo kengele ikishalia, wakiwa ndani. Nitakufungulia milango yote kumi na minne, hata wa kabati nitakufungulia. Ingia kila kimoja. Halafu uandike ulichokiona, basi. Nakuomba, bwana."

Afisa Mipango alichukua ufunguo wa mwisho, ule wenye kibao cha kumi na nne, akaugeuza upande huu na upande huu, kana kwamba upande mmoja huenda umeandikwa namba nyingine. Akachukua kalamu, akafungua kifuniko chake, akakirudisha. Mwenzake akauliza kama sasa anaweza kukaa, miguu imemfa ganzi. Huko nje karani alikuwa ameshaanza kuita namba inayofuata.

Mama Chiriku hakuondoka. Alikunja mikono juu ya ncha tupu ya khanga, akamtazama afisa usoni, akasubiri, kama anavyosubiri kila siku kwenye mlango wa darasa, fagio mkononi, mpaka mtoto wa mwisho atoke.